Unga wa Kuku

Wewe uliyebanwa kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba la juu na mwingine simu, pole na kazi. Leo nina maneno yanayokuhusu.

Nianze na kisa. Jumamosi iliyopita nilikwenda mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili kutoka kwangu. Mashine za kusaga unazijua: kelele mpaka meno yanatetemeka, vumbi jeupe mpaka kwenye kope za mtu, ndoo na madebe yamejipanga foleni yenyewe, wenyewe wamekaa kivulini. Nilikuwa na debe moja la mahindi. Kijana wa mashine akalinyanyua, akaanza kulipeleka kwenye kinu cha kukoboa. Nikamwambia, "Hapana, mdogo wangu, usikoboe. Saga hivyo hivyo, nataka dona." Akanitazama. Akalitazama debe. Kisha akapaza sauti ishinde mashine:

"Mzee, kwani unafuga kuku?"

Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje? Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani swali lile lilikuwa limenikaa kichwani, maana ukilitazama vizuri, kijana hakukosea. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini vinakwenda kwenye pumba. Humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, humo ndimo yalimo mafuta mazuri, humo ndimo zilimo vitamini nyingi. Pumba anapewa kuku, anapewa ng'ombe, anapewa nguruwe. Ule weupe unaobaki, ambao karibu wote ni wanga, ndio tunaojipakulia sisi na kuuita chakula safi. Kisha tunatoka tunakwenda duka la dawa kununua vidonge vya vitamini. Sasa nikuulize, msikilizaji: kati yako na kuku, nani mjanja?

Basi mazungumzo yangu ya leo ni hayo. Kurudi kwenye mazoea ya wazee wetu kwa ajili ya afya zetu katika maisha haya ya sasa. Najua maneno haya yamechakaa. Kila simu leo ina ujumbe wa kopo la unga wa majani fulani, linatibu sukari, linatibu presha, linaongeza nguvu, linaondoa na mikosi, lipia kwa simu utaletewa mpaka mlangoni. Niseme mapema tusije tukaelewana vibaya: siongelei makopo. Bibi yangu hakuwa na kopo.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa wa Rombo, mlimani Kilimanjaro. Alikuwa na kigoda, jiwe la kusagia, na mtungi wenye mdomo uliomeguka. Jioni anaosha ulezi, anauloweka. Kesho yake anautandaza kwenye majani ya mgomba, anaufunika, anaunyunyizia maji, mpaka uote vijimkia vyeupe kama nyuzi. Hicho ndicho kimea. Anakianika juani, kikikauka anakisaga kwa jiwe, amepiga magoti, mgongo unakwenda mbele unarudi nyuma. Kimea kingine kinakwenda kwenye mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, kingine kwenye uji. Na uji wenyewe haunywewi siku ile. Unaachwa mtungini mpaka uchachuke. Watoto tulikuwa tunaambiwa tusifunue. Tulikuwa tunafunua.

Siku moja nilimuuliza, "Bibi, mbona hukai kwenye kiti?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, kiti ni cha mgeni na mgonjwa." Alikuwa anachuchumaa akichambua maharage, anachuchumaa akipuliza moto, anakaa chini miguu imenyooka akimenya ndizi, kisha anainuka bila kushika ukuta. Mimi nina nusu ya umri aliokuwa nao wakati ule, na nikikaa mkekani leo, msikilizaji, kuinuka kwangu ni mkutano: kwanza mkono, halafu goti, halafu "eeh Mungu wangu".

Sasa mtu atasema, hizo ni hadithi za bibi. Vizuri. Tutoke kwa bibi tuende hospitali.

Mwaka 2025, katika jarida la kitabibu liitwalo Nature Medicine, yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika huko huko Kilimanjaro. Watafiti walikuwa wa hospitali ya KCMC, Moshi, wakiwa pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Miongoni mwao Dakta Godfrey Temba na Profesa Quirijn de Mast. Waliwachukua wanaume 77 wenye afya njema. Wale wa kijijini, waliozoea ndizi, maharage, mboga za majani, magimbi, wakapewa kwa wiki mbili chakula cha kisasa: soseji, mkate mweupe, chipsi na jamaa zake. Wale wa mjini waliozoea chipsi wakarudishwa kwenye chakula cha asili, wiki mbili vilevile. Na kundi la tatu, ambalo nadhani halikupata shida ya kupata watu wa kujitolea, likapewa mbege kila siku kwa wiki moja.

Wiki mbili tu, msikilizaji. Sikiliza kilichotokea.

Waliotoka kwenye maharage wakaingia kwenye soseji, damu yao ilianza kuonyesha dalili za mwili kuwaka kwa ndani. Nieleze hapo kidogo. Ukijikata kidole, kinavimba, kinapata joto, kinauma: hiyo ni kinga ya mwili inapigana, na ni jambo jema, kwa sababu kuna adui na vita vina mwisho. Lakini kuna hali nyingine ambapo kinga inapigana polepole ndani kwa ndani, hakuna kidonda, hakuna adui, na vita havina mwisho. Wewe husikii kitu. Ila moto huo mdogo ukidumu miaka, ni mmoja wa wapishi wa sukari na magonjwa ya moyo. Basi waliohamia chakula cha kisasa, moto ule ulipanda, na seli zao za kinga zikawa dhaifu zilipokutanishwa na vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili, moto ukashuka. Na walipopimwa tena wiki nne baadaye, baadhi ya mabadiliko yale bado yalikuwepo.

Narudia, maana pengine ulikuwa unalipa nauli: wiki mbili tu za kubadilisha chakula, na damu ikasema.

Wanywaji wa mbege nao walionyesha dalili za moto kupungua. Lakini ndugu zangu, msinishangilie. Ilikuwa kipimo maalumu, kwa wiki moja, chini ya macho ya madaktari. Hakuna aliyesema kata kumi Jumapili baada ya misa. Kilichowavutia watafiti ni ule uchachu: kinywaji kimetengenezwa kwa nafaka iliyooteshwa na ndizi, kikachachuka, kikajaa vijidudu rafiki. Uchachu huo unaupata pia kwenye togwa ambayo haijakomaa ikawa pombe, kwenye mtindi, kwenye uji ule wa bibi. Na kimea kina siri yake: ukitia kijiko kimoja kwenye uji mzito, uji unalainika wenyewe, kwa hiyo unaweza kuongeza unga bila uji kuwa mgumu, na mtoto mdogo mwenye tumbo dogo akapata chakula kingi katika kikombe kile kile. Wataalamu wa lishe wamekwisha kuwahimiza akina mama watumie kimea hicho. Bibi hakuwa na maabara, alikuwa na mtungi.

Tena jambo hili si geni. Katika karne iliyopita alikuwepo daktari Mwingereza, Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa miaka mingi. Aliiona malaria, akaona utapiamlo wa watoto, akaona kila kitu. Alichokosa kukiona ni yale yaliyokuwa yamejaa katika hospitali za kwao: mishipa ya moyo kuziba na magonjwa mengine ya wazungu wa mjini. Ilipofika 1956 yeye na mwenzake waliandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki juu ya mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mmoja tu, na aliandikiwa makala nzima, kama mtu aliyeona kifaru mweupe. Leo nenda kliniki yoyote ya moyo mjini Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, uone mabenchi yalivyojaa.

Na mwenzake mwingine Trowell, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aitwaye Denis Burkitt, ndiye aliyekwenda Ulaya na Marekani akihubiri nyuzinyuzi. Niwie radhi kama uko mezani, lakini Burkitt alikuwa akiwaonyesha madaktari wenzake picha za choo kikubwa. Ndiyo, picha za haja kubwa alizopiga vijijini, ukutani, ukumbini, watu wamevaa tai. Hoja yake ilikuwa nyepesi: watu wanaokula vyakula visivyokobolewa wanapata choo kikubwa na laini, na maradhi mengi ya matumbo hawayajui. Watu walicheka, na leo mtaalamu gani wa lishe asiyetaja nyuzinyuzi?

Kenya nako, mwaka 1990, ulichapishwa utafiti juu ya Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa nchi kwenda Nairobi. Watu wale wale, damu ile ile, ukoo ule ule. Mapema tu, katika miezi ya mwanzo ya kukaa mjini, presha zao zilikuwa juu kuliko za ndugu zao waliobaki nyumbani. Chumvi ilikuwa imeongezeka, na uzito ulikuwa umeanza kupanda. Kwa hiyo yule anayesema "presha ni ya ukoo wetu" inawezekana anasema kweli nusu. Nusu nyingine ilipanda naye basi.

Sasa hapa nataka tusimame kidogo, maana kuna swali ambalo wapenda mambo ya asili hawapendi kuulizwa. Tunaposema turudi kwa wazee, ni wazee gani? Wa mwaka gani?

Yale mahindi yangu ya dona niliyoyapigania kule mashineni, asili yake ni bara la Amerika. Yaliletwa na Wareno. Muhogo hivyo hivyo. Karanga, nyanya, papai, viazi vitamu, pilipili, vyote vilivuka bahari. Ndizi za Kilimanjaro mababu wa mababu zake walitoka Asia. Vya kwetu hasa ni ulezi, mtama, uwele, kunde, ubuyu, mboga kama mgagani, na hivi ndivyo vyakula tulivyovipa jina la chakula cha njaa. Kwa hiyo mababu hawakuwa watu wa kukataa vigeni. Walipokea kila kilicholetwa, lakini walikipokea kwa masharti yao: wakakichachusha, wakakisaga kwa ganda lake, wakakipika na maharage, wakakifuata shambani kwa miguu. Soseji ingefika enzi za bibi yangu, sina hakika ingetoka salama. Pengine angeitia kwenye kiburu, zile ndizi zinazopikwa na maharage.

Na jambo la pili wasilopenda kuulizwa. Wazee hao hao walizika watoto wengi. Bibi yangu mwenyewe aliwahesabu watoto wake kwa vidole vya mikono miwili, na waliokua walitosha mkono mmoja. Jikoni mwake moshi ulikuwa mzito, macho yake yalikuwa mekundu mpaka anafariki. Chanjo, maji safi, mkunga aliyesomea, hayo hayakutoka kwenye mtungi. Wewe unayemeza dawa za presha au za sukari, nakuomba kwa jina la urafiki wetu wa kila wiki: usiache dawa kwa sababu umesikia habari za ulezi redioni. Kula ulezi, meza dawa, mwambie daktari wako.

Hata dona ina masharti yake. Mahindi na karanga vikihifadhiwa vikiwa na unyevu vinaota ukungu unaotoa sumu iitwayo sumukuvu. Haionekani, na moto wa kupikia hauiondoi. Kenya mwaka 2004 ilizika zaidi ya watu 100 kwa sababu hiyo. Tanzania nayo ilipatwa mwaka 2016, Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, huko huko ninakokusifia. Kwa hiyo ukitaka dona, kuwa mkali: mahindi yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo, chambua punje zilizobadilika rangi, zilizotobolewa, zilizovunjika, na zile ulizochambua usimpe kuku wala usipikie pombe. Saga kidogo kidogo, kwa sababu mafuta ya kiini yanafanya unga uharibike mapema. Ndiyo maana mwenye duka anapenda sembe, ule unga mweupe uliokobolewa: inakaa rafuni miezi bila kumdai kitu.

Unaliona jambo linalojitokeza, msikilizaji? Kuloweka, kuotesha, kuanika, kuchambua, kusaga kidogo kidogo, kusubiri kichachuke. Chakula cha wazee hakina bei kubwa ya fedha. Kinakula muda. Narudia: kinakula muda. Na hapo ndipo nataka niseme neno ambalo wanaume wenzangu wataninunia.

Muda ule ulikuwa wa nani?

Ulikuwa wa bibi. Babu namkumbuka vizuri sana: alikuwa mtu mwema, mwenye fimbo na kofia, anapenda uji wa ulezi. Sikumwona siku hata moja amepiga magoti kwenye jiwe. Leo mwanamume anatoka kliniki, ameambiwa sukari imepanda, anafika nyumbani anamtangazia mke wake, "Kuanzia leo nataka vyakula vya asili." Mke huyo ametoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, amerudi saa moja usiku, amesimama kwenye daladala saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Akachambue mnavu saa ngapi? Akaloweke nini? Chipsi ziko pale kwenye kona, zinakaangwa huku anazitazama. Sipendi tunavyowalaumu akina mama kwa chipsi. Chipsi zinauza kitu kimoja ambacho mama huyo hana, nacho ni nusu saa.

Kwa hiyo kama kurudi kwa wazee maana yake ni kumrudisha mke kwenye jiwe la kusagia, mimi simo. Ukitaka ulezi, uloweke wewe.

Nami nimejaribu, niwaambie ukweli. Uji wangu wa kwanza wa kuchachua niliufunika kwa mfuniko wa kubana, ukafura, ukamwagika kwenye kabati, na mke wangu alisimama mlangoni akiutazama bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema. Wa pili nikaufunika kwa kitambaa. Ulezi wa kuotesha ulinioza mara mbili kwa sababu niliutia maji kama napanda mpunga. Siku hizi najua: unyevu, si bwawa. Maharage nayaloweka usiku ninapofunga mlango, kwa hiyo asubuhi yanaiva kwa mkaa kidogo. Majani ya kunde nayachambua mbele ya taarifa ya habari, na mtoto wetu wa mwisho amekuja mwenyewe akakaa tukachambua wote, simu ameiacha kochini dakika ishirini nzima. Vituo viwili vya mwisho vya daladala navitembea. Na jioni tunakaa mkekani. Wahadzabe, wale wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi, watafiti waliwapima wakakuta wanapumzika karibu saa kumi kwa siku, kama sisi wa ofisini. Tofauti ni kwamba wao sehemu ya mapumziko hayo wanachuchumaa au wanapiga magoti, misuli ya miguu haijalala. Kwa hiyo hata uvivu una namna yake ya kizamani.

Sijawa babu wa Rombo. Napenda mandazi, na soseji kwenye harusi siikatai. Daktari wangu ameniambia tuonane baada ya miezi mitatu, basi tutaonana.

Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili kwenye kioo, maana yake dakika zimekwisha. Kesho asubuhi zamu yangu ya mashine, debe limekwisha kuchambuliwa, liko mlangoni. Na yule kijana akiniuliza tena kama nafuga kuku, nimeshapata jibu. Nitamwambia ndiyo, ninao mmoja, jogoo, mzee kidogo, magoti yanamsumbua, na ndiye huyu aliyebeba debe.